Mlango Mmoja, Wakwe Wawili

Phanice na Wambui, kiti cha dirishani sasa ni chenu. Mguu wake wa nyuma ni mfupi. Wekeeni kipande cha katoni na msimwambie mtu, kwa sababu ukiomba kiti kipya katika kliniki hii utaulizwa kama umeleta mfadhili.

Mliniaga kwa keki na soda, asanteni. Juu ya keki mtu aliandika "Kustaafu Kwema". Nilisimama pale na mtoto akininyonya, meno yangu yote yapo, nywele nyeusi tititi, naiangalia hiyo keki nikijiuliza ni nani amestaafu. Mkurugenzi mpya akatoa hotuba kwamba Metrine ametumika kwa moyo na sasa ameamua kupumzika na familia yake. Mimi sikuamua. Niliamuliwa. Aliniita ofisini akaniambia mama wa mtoto mchanga hawezi kukaa dirishani kupokea wagonjwa, na kwamba hata asingekuwa na mtoto, ile kazi ya kuzunguka nje kufuata wagonjwa haipo tena. Msichana wa dirishani haondoki dirishani. Mgonjwa akishapewa barua ya kwenda hospitali kubwa, kliniki imemaliza kazi yake.

Keki niliila. Nilikuwa na njaa, na mnajua mtu anayenyonyesha. Lakini hayo maneno ya mwisho sijaweza kuyameza, na ndiyo maana nawaandikia. Vyeo sitavitaja kwa kuwa sikupata. Mshahara sitautaja msije mkalia. Nitawaambia kazi yenyewe.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimemaliza Kidato cha Nne juzi juzi, nimevaa sketi ya shule niliyoing'oa beji. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, tulikaa Makongeni, na ndoto yake ilikuwa nijifunze kupiga taipu nikae katika ofisi yenye zulia. Nikapata kliniki hii ya Lucky Summer, pembeni mwa Nairobi. Wakati huo Lucky Summer ilikuwa ploti chache za mawe, nyumba za vyumba vya kupanga, zilizoota katikati ya nyasi, na kliniki ilikuwa vyumba vitatu na sinki moja. Daktari alikuwa Mutiso. Kwa vyeti yeye ni tabibu, si daktari, lakini mgonjwa wa Eastlands akishaona koti jeupe na kipimo cha kifua shingoni hana muda wa kuuliza vyeti. Muuguzi alikuwa Sista Felista, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya.

Siku yangu ya kwanza niliingia kwenye ukumbi wa kungojea nikaita kwa sauti safi ya shule, "Aliye na kuhara asimame!" Benchi lilikuwa limejaa. Hakuna aliyesimama. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa ameshikilia tumbo kwa mikono miwili, naye akaangalia dari. Sista Felista alinivuta kwa mkono wa sweta mpaka chumba cha sindano.

"Wewe msichana, wewe ukiwa na kuhara utapenda uitwe kwa jina la ugonjwa wako?"

"Hapana, Sista."

"Basi ita jina. La ugonjwa tuachie sisi."

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Si Mutiso, ingawa Mutiso ni mtu mzuri. Sista Felista alikuwa amefanya kazi wodini miaka mingi kabla hajaja kwetu, na alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka nikachoka nalo. Alisema wagonjwa hawafi sana ndani ya vyumba vyetu, wanafia njiani, kati ya mlango wetu na mlango unaofuata. "Mutiso anatibu akiwa ndani hapa," aliniambia. "Wewe tibu kutoka hapa mpaka huko anakotumwa. Ukisikia amefika, ndipo ukae."

Basi hiyo ikawa kazi. Aliyetumwa kupigwa picha ya kifua, je, amepigwa? Aliyeanzishiwa dawa za kifua kikuu, je, bado anameza au ameenda matanga ushago, kijijini kwao, akaziacha juu ya kabati? Mtoto wa surua amerudi? Simu hatukuwa nayo. Kulikuwa na kibanda cha simu barabarani ambacho kilikula sarafu na kukaa kimya. Kwa hivyo nilitembea. Na kama mnadhani kumtafuta mtu Lucky Summer ni rahisi, jaribuni kutafuta "ploti ya manjano nyuma ya posho mill" baada ya landlodi kuipaka rangi ya bluu kwa ajili ya Krismasi. Nilizunguka posho mill hiyo mpaka mwenye mashine ya kusaga akadhani namtaka yeye.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Gambuti za mpira. Karatasi ya nailoni ya kichwani. Leso moja ndani ya mfuko, kwa sababu leso ni shuka, ni pazia, ni kamba, ni mbeleko. Koti jeupe nililiacha kliniki, na ninyi liacheni pia. Miaka hii ukibisha mlango wa mtu na koti jeupe, kabla hujakaribishwa chai ploti nzima imeshaamua anaumwa ule ugonjwa. Nendeni na kikapu chenye nyanya mbili juu. Mtu wa nyanya haulizwi.

Mengine nilijifunza kwa kukasirika. Mzee mmoja wa Mathare, mwenye sukari, alikuwa anamaliza vidonge vyake vizuri kabisa na sukari haishuki. Nikamfuata nyumbani. Nikamkuta anavikata, nusu yake, nusu ya mkewe. Mkewe hakuwa na sukari hata kidogo.

"Mzee, kwa nini?"

"Sasa mimi nile peke yangu na yeye ananiangalia?"

Ungemfanya nini mtu kama huyo? Nilipiga kelele kwanza, kisha nikanywa uji walionipa, kisha nikamwita mke kliniki akaambiwa na Sista mwenyewe.

Na swali ambalo Sista Felista alinilazimisha kumwuliza kila mgonjwa, hata wa kidonda cha kidole, lilikuwa hili: kwenu, ni nani husema "twende"? Si nani anapika wala nani analipa. Siku mtu amezidiwa, ni sauti ya nani husema twende hospitali, watu wakasimama? Pengine ni mume. Pengine ni mama mzaa mume aliye Kakamega, na mpaka ujumbe umfikie mwili umeshapoa. Ukilijua jina hilo mapema, unajua mlango wa kubisha. Niliuliza hilo swali mpaka watu wakanitania. "Siste Twende" ndilo jina langu pale stendi.

Sasa niwaambie kuhusu Nekesa, maana huyu ndiye ningependa mkurugenzi amsikie, lakini yeye hasomi vitu virefu.

Ilikuwa wakati wa mvua za El Nino. Barabara yote ya Lucky Summer ilikuwa imekuwa supu, hakuna gari lililoweza kushuka kutoka kwenye lami. Mtoto wangu wa kwanza, Deno, alikuwa mdogo bado, akilala ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia chini ya dirisha langu, na siku hizo hakuna mkurugenzi aliyesema lolote kwa sababu hatukuwa na mkurugenzi.

Nekesa, yaani Mama Brenda, nilimjua vizuri. Alikuwa mtu wa Bungoma, mcheshi, anauza mandazi karibu na kiwanda kimoja cha mtaa wa Baba Dogo alikofanya kazi mume wake, Wafula. Ujauzito huo ulikuwa wa pili. Asubuhi hiyo aliingia amevimba uso mpaka macho yamekuwa mistari, na pete imezama ndani ya kidole. Mutiso alimpima presha mkono wa kulia, akampima tena mkono wa kushoto. Akapima mkojo. Alipotoka nje kuja kwangu hakuwa na rangi yake.

"Huyu aende hospitali ya wazazi leo," alisema. "Si kesho. Hiyo presha inaweza kumletea kifafa wakati wowote, na mtoto tukampoteza, na yeye tukampoteza."

Akampa vidonge, akaandika barua ya rufaa. Nekesa akaiweka kifuani.

"Mama Brenda, unaenda moja kwa moja?" nikamwuliza.

"Napitia nyumbani kidogo. Wafula yuko shifti ya usiku, saa hii anatoka. Akifika tu tunaenda."

"Na ni nani husema twende kwenu?"

Akacheka na huo uso uliovimba. "Si ni Wafula, Siste Twende? Unataka nimtaje nani?"

Jibu hilo lilikuwa ni lilelile alilonipa tangu mwanzo, na lilikuwa la kweli. Nyumba ndiyo ilikuwa imebadilika. Mama yake mzazi alikuwa ameshuka kutoka Bungoma siku chache kabla, kuja kumsubiri mjukuu, na Nekesa hakuona sababu ya kulitaja kliniki. Nani hutaja mgeni kwa daktari?

Mvua ikaongezeka. Baada ya chakula cha mchana jirani yake, Mama Kevo, akaja dirishani na karatasi kichwani.

"Nipatie dawa ya kichwa."

"Ya nani?"

"Ya Mama Brenda. Anasema kichwa kinapasuka, na anaona vitu vinametameta."

Nilisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. "Hajaenda? Wafula hajafika?"

"Amefika kitambo. Lakini aende naye vipi? Wafula yuko nje, mathe wa mkewe yuko ndani."

Phanice, wewe umeshaelewa. Wambui, wewe hukulelewa na haya, basi nikueleze. Kwetu magharibi, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chumba kimoja. Hawashikani mikono. Hawaangaliani usoni, na hawaongei moja kwa moja kama kuna mtu wa kupitisha maneno. Kitanda anacholalia binti yake na mume ndicho kitu cha mwisho mama anapaswa kukiona. Si chuki. Ni heshima, na nyumbani inabebeka, kwa sababu nyumbani kuna nyumba kubwa, kuna jiko la nje, kuna migomba ya kujificha nyuma yake. Lucky Summer kuna chumba kimoja na mlango mmoja. Mama alikuwa analala kwa Mama Kevo kama inavyotakiwa. Lakini asubuhi hiyo binti yake alirudi kutoka kliniki akaanguka kitandani, na mama akaingia. Wafula akatoka shifti, akakuta viatu vya plastiki vya mama mkwe mlangoni. Akasimama nje.

Nikamwambia Mutiso. Alikuwa anashona mtu mguu.

"Metrine, barua nimempa. Sasa nimbebe?"

"Ndiyo," nikamwambia.

Hakuweza kuacha huo mguu wazi, nami sikungoja. Sista Felista alikuwa ameshamtoa Deno kwenye katoni. "Nenda," alisema. "Huyu ninaye."

Kando ya ukuta wetu kulikuwa na vijana wawili wamejikinga mvua na mkokoteni wa mbao wa fundi seremala.

"Shusheni hizo mbao, kuna mgonjwa."

"Siste, hii ni ya mbao, haibebi watu."

"Leo inabeba. Au nimwambie mama yako ni wewe ulikataa?"

"Ai, mathe yangu unamjua?"

"Nitamtafuta nimjue."

Wakashusha. Tulifika kwenye ploti tumelowa mpaka mifupani. Wafula alikuwa amesimama chini ya ukingo wa mabati, kando kidogo ya mlango wake mwenyewe, bado na ovaroli ya kiwandani. Mtu mkubwa, mabega ya kubeba magunia, na alikuwa amejikunja kama anayesubiri kuadhibiwa. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Kutoka pale aliposimama mpaka kitandani usingeweza kuweka hata baiskeli.

"Baba Brenda, kwa nini hamjaenda?"

"Siste, mimi niko tayari tangu asubuhi. Nangoja mama amtoe."

Nikaingia. Nekesa alikuwa amelala chali, amefumba macho, anasaga meno. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni amemshika mkono. Alikuwa amevua kitambaa chake cha kichwa, amekichovya kwenye maji, amekiweka kwenye paji la uso wa binti yake, na gauni lake lilikuwa limelowa kwa mvua akaliondoa, akabaki na shimizi. Mama mzima, mvi wazi, shimizi, ndani ya chumba cha mkwe wake.

"Mama, kwa nini hamjaenda?"

"Mwanangu, mimi ni mgeni hapa. Huyu ni mke wa watu. Nikisema twende na akafia njiani, watasema nilimtoa mimi. Mwenye mke aseme."

"Mwenye mke yuko hapo nje."

"Najua. Nimesikia akikohoa."

Nikageukia pazia. "Baba Brenda, mama anasema wewe ndiwe useme."

Alikuwa amesikia kila neno. Hakuna namna ambayo angekosa kusikia. Lakini alingoja mpaka nimalize, kisha akajibu kwa sauti ya kanisani, "Mwambie mama kwamba siwezi kusema mbele yake. Yeye ndiye mkubwa. Akiona inafaa, sisi tutafuata."

Nikageuka. Mama naye ameangalia sakafu, ananingoja mimi nimrudishie maneno ambayo yametua mapajani mwake.

"Mama, anasema wewe ndiwe mkubwa."

"Mwambie nashukuru kwa heshima hiyo. Lakini mke ni wake."

Nawaambia ukweli, nilitaka kuwachapa wote wawili. Walikuwa wanapeana heshima kama watu wanaosukumana kipande cha mwisho cha nyama, kula wewe, hapana kula wewe, na kipande chenyewe kimelala pale kitandani kinasaga meno. Na walikuwa wamefanya hivyo tangu asubuhi, na Mama Kevo katikati yao akipunguza maneno makali ili asimkere yeyote. Maziwa yalikuwa yameniingia, sweta imelowa mbele kuliko nyuma, na nyumbani kwangu mimi pia kuna mama mkwe, najua adabu, nimelelewa nayo, lakini wakati huo niliichukia.

"Nisikieni wote," nikasema. Sikugeuka huku wala huku. "Daktari amesema twende. Si mume, si mama. Hiyo lawama ni ya kliniki, ni yangu, ikiwa kuna matanga mje mnishtaki mimi. Mama, jifunike na leso yangu usogee kwenye kona uangalie ukuta. Baba Brenda, utaingia umbebe mkeo utoke. Hakuna atakayemwona mwenzake."

Nikatoa leso kwenye mfuko nikampa mama. Akaishika. Akaitazama. Halafu akamfunika nayo Nekesa miguuni, kwa sababu miguu ilikuwa baridi.

"Mama, ni ya kwako hiyo."

"Yeye ndiye anahisi baridi," akasema.

Ndipo Nekesa akakakamaa. Mwili wote ulinyooka kama ubao, macho yakafunguka bila kuona, na kitanda kikaanza kugonga ukuta. Povu likatoka. Nilimrukia nikamgeuza ubavu kama nilivyofundishwa na Sista, nikashika kichwa asijigonge. Nikaita, "Baba Brenda! Ingia!"

Pazia likasogea. Nikaona gambuti moja imevuka kizingiti. Moja tu. Ikabaki hapo.

"Siste," akasema, na sasa alikuwa analia, "mama hajavaa."

Mama alimwangalia binti yake. Kisha akainua uso, akaangalia moja kwa moja kwenye pazia, akapaza sauti ambayo sikujua ilikuwa ndani ya mwili ule mdogo.

"Wafula!"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina. Mimi naweza kuapa. Hata hewa ya chumba ilishtuka.

"Wafula, mimi mzee nikivuliwa nguo sokoni leo sijali. Ingia ushike kichwa cha mke wako. Mimi nitashika miguu."

Akaingia. Alikuwa amefumba macho, akapapasa kama kipofu, nami nikamwekea mikono kwenye mabega ya Nekesa. Alipofungua macho mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake, kitanda kati yao, mvi, shimizi, mikono imeshika vifundo vya miguu ya binti yake. Wakainua pamoja. Walimpitisha mlango ule mmoja, Wafula akirudi nyuma, mama akimfuata, uso kwa uso njia yote.

Ploti nzima ilikuwa imetoka kwenye milango. Wanawake wa kwetu walifunika midomo. Mama Kevo akavua sweta yake akamrushia mama, naye alipoiweka miguu mkokotenini akaivaa bila kuangalia. Wale vijana wa mkokoteni waliona yaliyokuja na mmoja akasema tu, "Panda, mathe, panda, shika kichwa." Tukasukuma. Wafula alivuta mbele kama ng'ombe, matope mpaka magotini, vijana nyuma, mimi ubavuni nikiushikilia mwili usiteleze, mama juu akimzuia binti yake kwa mapaja. Kifafa kilirudi mara nyingine kabla hatujafika kwenye lami. Kwenye lami nilisimama katikati ya barabara. Pikapu ya mboga ikapiga honi, ikapiga breki, dereva akatoa kichwa kunitukana, akaona mkokoteni, akafungua nyuma bila kusema.

Hospitali ya wazazi walimpokea kwa haraka, nawashukuru. Barua ya Mutiso ilikuwa imekuwa uji kifuani mwa Nekesa, haikusomeka hata herufi moja. Niliwaambia kwa mdomo: presha asubuhi ilikuwa hivi, mkojo hivi, dawa aliyopewa hii, kifafa mara mbili. Kama ningekuwa nimekaa dirishani, nani angewaambia? Hilo nawaachia ninyi mkamwulize mkurugenzi, kwa adabu, mkiwa na roho ya kuuliza.

Wakampeleka kupasuliwa. Tukakaa kwenye korido. Kulikuwa na benchi moja refu. Wafula alikaa mwisho wa huku, mama mwisho wa kule, sweta ya Mama Kevo imevutwa mpaka kichwani, na kila mmoja akageuzia uso ukuta wake. Ile adabu ilikuwa imerudi mara tu mikono ilipokuwa mitupu. Nikakaa katikati, mahali pangu. Nilipitisha chai. Nilipitisha "mama anauliza kama umekula." Nilipitisha "mwambie nimekula," na hakuwa amekula. Nilijua pia yanayowangoja. Watu wa kwao wangetaka mbuzi, wangetaka wazee wakae, yafutwe yale yaliyoonekana. Na mama mwenyewe aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajui atawezaje kushuka basi kule Bungoma na habari imemtangulia.

Muuguzi akatoka. "Mume wa Nekesa?"

Wafula akaenda. Niliwaona wakizungumza karibu na mlango. Niliona mabega yale yakishuka. Muuguzi akamgusa mkono, akarudi ndani. Nikasimama, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, niyapokee maneno kwake niyafikishe kwa mama, na niliogopa maneno yenyewe nikaanza kuyatafutia namna nzuri kabla sijayajua.

Alinipita. Alitembea mpaka mwisho wa benchi, akapiga magoti kwenye sakafu mbele ya mama mkwe wake, akamwangalia usoni.

"Mama," akasema, "Nekesa yuko. Mtoto hatukumpata."

Mama akaweka mkono juu ya kichwa chake. "Ni mvulana?"

"Ni mvulana."

"Utampa jina, Wafula, hata hivyo utampa jina," akasema, na wakalia pamoja. Mimi nikabaki nimesimama katikati ya korido, sina la kupitisha.